Gari Lililomheshimu Bibi

Harufu ya oili ya giaboksi iliyoungua haifanani na harufu nyingine yoyote ya gereji. Ina utamu wa karanga zilizosahauliwa kikaangoni, na nyuma ya utamu huo kuna ukali unaokwama kooni. Juzi mteja aliniletea gari lake hapa Utemini, mjini Singida. Alipofungua boneti tu nikamwambia, "Giaboksi imekwisha hiyo. Umeliendesha huku inateleza." Akanitazama kama nimempigia ramli. "Mama, hata hujaligusa!"

Sikuhitaji kuligusa. Nina stashahada ya ufundi wa magari, nimefanya kazi Botswana kwenye karakana ambako wanaume walikuwa wakinisubiri mimi niseme gari lina nini, na gereji hii yenye paa refu na shimo la zege nimeijenga bila mjomba wala mfadhili. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Lakini harufu ile sikufundishwa chuoni. Niliijua nikiwa mtoto ambaye miguu yake haifiki chini akiketi kiti cha nyuma, na mpaka leo ikinigonga puani hasira ya zamani inaamka, hasira ya mtu anayeona kitu kizima kinaharibiwa na watu wenye uhakika.

Wa rika langu mnakumbuka ruksa ya biashara ilivyoingia. Kabla yake tulipanga foleni ya sabuni, na mwenye kandambili zinazofanana alikuwa mtu wa kuangaliwa. Halafu ghafla vitu vikaja. Dawa ya meno ya aina nyingi, mitumba, redio za kaseti, vitenge vya rangi ambazo hatukuwa na majina yake. Baba alikuwa na duka la vitambaa mjini Singida. Ukoo wake ulitoka Tabora, kabla ya Tabora ulitoka Ujiji, na kabla ya hapo kila mzee alikuwa na hadithi yake. Biashara ilipofunguka naye alifunguka. Akaenda Dar es Salaam kuchukua bidhaa, akarudi na gari.

Lilikuwa jeupe, viti vyake vya kitambaa laini cha rangi ya zambarau, na lilikuwa limekwishatumiwa Uarabuni mpaka wenyewe wakalichoka. Kwetu lilikuwa jipya. Lilikuwa pia gari la kwanza la otomatiki mtaani kwetu, na shida zote zilianzia hapo. Majirani walikuja kulikagua. Mmoja akachungulia chini ya usukani, akahesabu pedeli, akahesabu tena.

"Mzee, pedeli moja wamekuibia bandarini."

"Hakuna kilichoibwa," Baba akasema. "Hili linajibadilishia gia lenyewe."

"Lenyewe? Likikosea?"

Watu wakacheka, Baba naye akacheka. Lakini walipoondoka nilimwona akiinama chini ya usukani, akipapasa pale ambapo pedeli ingekuwa.

Lingeachwa lilivyo, gari lile lingetuzikia wazee wetu na kutuoza sote. Ila alikuwepo Fundi Rajabu. Huyu alikuwa fundi wa malori, mtu mwenye sauti ya kufunika injini, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sijui". Baba alimwita amwage oili kuukuu na kuweka mpya, basi. Fundi Rajabu akafungua giaboksi, ikatiririka oili nyekundu, nyembamba, inayong'aa. Mimi nikapiga yowe nikidhani ni damu. Wakanifukuza. Nikabaki nyuma ya mlango nikisikiliza.

"Mzee, umeuziwa maji haya," Fundi Rajabu akasema. Alichovya kidole akakinyanyua juani. "Ona. Kama juisi ya rozela. Oili ya gia lazima ivutike kama asali."

"Pengine ndivyo walivyolitengeneza," Mama akasema kutoka mlango wa jiko.

"Shemeji, mimi nimeendesha malori mpaka Kigoma. Hawa wafanyabiashara wa siku hizi wanatia rangi kila kitu. Si umeona hata sabuni?"

Hapo ndipo alipompata Baba. Wakati ule sote tulikuwa na hofu ya kuuziwa bandia, maana bidhaa zilikuja nyingi na hakuna aliyejua ipi ni ipi. Wakaikamua oili nyekundu yote, wakaijaza giaboksi oili nzito ya malori, inayonuka kama mayai viza. Leo nikiwafundisha vijana wangu huwaambia, giaboksi ya otomatiki hufanya kazi kwa msukumo wa oili yake. Ukiiwekea uji badala ya maji, sahani za ndani hazishikani sawasawa, zinateleza, zinaungua. Dakika tano tu za kusoma zingetosha. Kijitabu cha gari kilikuwa ndani ya droo yake siku zote. Ila kilikuwa cha Kiarabu, na Fundi Rajabu alisema gari si Kurani.

Tangu siku ile gari likawa na mawazo. Ukiliwekea gia, injini inanguruma, lenyewe limetulia kana kwamba linakumbuka kitu, halafu linaruka mbele na kutupiga vichwa kwenye viti. Kwenye mwinuko linaunguruma na kunuka karanga. Likizimika watu wanalisukuma, wanaume wazima wameinamisha vichwa ndani ya mchanga wa Singida na upepo wake, na gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa hata ulisukume mpaka Manyoni! Hakuna aliyejua. Watoto wenzangu walitengeneza wimbo wao wa kutufuata: "Sukuma, sukuma, tajiri anatembea!" Nilikuwa nikijilaza chini ya kiti nisionekane.

"Liuze," Mama alikuwa akimwambia.

"Linazoea hali ya hewa."

"Sisi ndio tunaolizoea. Liuze, baba watoto."

Baba aliliosha kila Ijumaa.

Katika hali hiyo Mama akajifungua mdogo wangu. Alirudi kutoka hospitali akiwa amepungukiwa damu, na kilichotutisha zaidi ni kwamba alikuwa hataki kula. Alilala ameelekea ukutani. Mtoto analetwa, anamnyonyesha bila kumtazama. Shangazi alipika uji wa uwele, alipika kuku, alipika supu ya kongoro. Vyote vilirudi jikoni vimepoa. Mama alisema neno moja tu, nalo alikuwa akimwita mama yake.

Bibi alikaa kijijini Mtinko. Tangu Mama aolewe alikuwa hajakanyaga kwetu. Sababu moja ilikuwa kwamba Baba ni mtu wa kuja, mtu wa duka asiye na shamba wala ng'ombe wanaojulikana. Sababu kubwa ilikuwa heshima ya ukwe. Kwa Wanyaturu wa rika la Bibi, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawagusani, hawali pamoja, na wakiwa na neno la kuambiana linapitia kwa mtu mwingine. "Nyumba ya mjini ina mlango mmoja," alikuwa akisema. "Nitapishana naye wapi?" Mimi nilikuwa sijaelezwa hayo. Nilichojua ni kwamba siku moja huko Mtinko tulikuwa tunatembea na Baba, Bibi akatokea mbele, na Baba, aliyekuwa haogopi mtu yeyote, aliruka njia akaingia ndani ya mabua ya uwele na kutupa mgongo. Nikahitimisha kwamba anamwogopa. Nilimwonea aibu kwa muda mrefu.

Asubuhi moja Baba alinikalisha kiti cha nyuma. "Tunakwenda kumchukua bibi yako. Nakuhitaji uwe katikati." Alisema Bismillahi akatia gia. Gari likanguruma, likafikiri, likaenda.

Alisimamisha mbali na boma, mimi nikaenda peke yangu. Bibi alikuwa anapepeta uwele. Nikampigia magoti, shikamoo yangu akaiitikia bila kuinua macho, kisha akaniuliza kwa Kinyaturu.

"Anakula?"

"Hali, Bibi."

"Mtoto anampakata?"

"Anampakata ameangalia ukuta."

Ungo ukasimama. Akajifuta mikono.

"Huyo baba yako anakaa wapi kwenye gari?"

"Mbele."

"Mimi?"

"Nyuma, na mimi."

"Na kile kioo? Madereva wana kioo cha kuwatazama watu nyuma."

Nikakimbia kwenda kumwambia Baba. Alikishika kioo cha ndani kwa mikono miwili, akakipinda hadi kikatazama dari. "Mwambie aje."

Bibi alipanda akiwa amejifunika kanga mpaka usoni, kuku kwapani, kibuyu cha maziwa ya mgando mapajani, na goti lake bovu limenyooka kunigusa mimi. Baba alitazama mbele kama sanamu. Tukaondoka, na nakumbuka nilikuwa na furaha, maana kwa mara ya kwanza tulikuwa na familia nzima ndani ya gari moja, hata kama nusu yake ilikuwa haioni nusu nyingine.

Harufu ilianza kabla hatujafika mbali. Bibi akafunua pua kidogo. "Kuna mtu anaunguza karanga." Tulipokuwa tukimaliza mwinuko ambao ukiufika juu unaliona ziwa Singidani likimeta kwa chini upande mmoja, majabali upande mwingine, na mji ng'ambo, injini ilipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, na gari likasimama. Baba akakanyaga mafuta. Kelele ikapanda, sisi tukabaki palepale. Akavuta mkono wa gia huku na huku. Akaurudisha. Akaomba kimyakimya, midomo yake niliiona kwa upande ikitembea. Mwisho akaweka rivasi, na gari likarudi nyuma kwa nguvu zake zote, kuku akapiga kelele, kibuyu nikakidaka.

Akaweka ya mbele. Halikusogea. Akaweka ya nyuma. Likaruka.

Alishuka akalipiga teke gurudumu. Halafu akalipiga tena. Sijawahi kumwona Baba akitukana, na siku ile hakutukana, ila alisimama na upepo unampeperusha kanzu, akautazama mji uliokuwa pale pale mbele yetu, na nikaona mabega yake yanashuka. Basi la abiria la siku ile lilikuwa limekwishapita. Mama alikuwa ng'ambo ile, ameelekea ukutani.

"Mwambie baba yako nitatembea," Bibi akasema.

"Baba, Bibi anasema atatembea."

"Mwambie bibi yako haiwezekani, goti lake halifiki. Nimeahidi kumfikisha."

Akatuambia tushuke tusimame pembeni. Akaliingiza gari kwenye uwazi wa kando ya njia, akalizungusha kinyumenyume hadi makalio yake yakaelekea mjini na uso Mtinko. Nikaelewa anachotaka kufanya, nikapiga makofi. Lakini alipotuita tupande, yeye alibaki amesimama mlangoni, ameshika usukani kupitia dirishani.

"Haitawezekana," aliniambia kwa sauti ya chini. "Dereva wa rivasi anageuka nyuma. Nikigeuka, nitamtazama."

Kioo cha ndani kilikuwa kinatazama dari. Kioo cha pembeni cha kushoto kilivunjwa na punda siku nyingi. Cha kulia kilikuwa kinaonyesha tairi na vumbi. Nilikuwa nimechoka, nina kiu, na nilitaka kulia kwa hasira, kwa sababu watu wawili wakubwa walitaka kitu kimoja na walishindwa kwa ajili ya sura ambayo hakuna hata mmoja aliyekuwa na ubaya nayo.

Bibi alikuwa amesikia. Alipanda, akaniwekea kuku mapajani, akapiga goti lake zima juu ya kiti, lile bovu akaliacha likining'inia, akageukia kioo cha dirisha la nyuma. Kanga akaitupa mabegani.

"Mwambie baba yako nimempa mgongo. Na yeye asigeuke. Macho ni mimi."

Tukaenda hivyo. Mwendo wa punda aliyebeba maji, injini inalia kwa sauti nyembamba kama mbu mkubwa, Baba anatazama Mtinko inavyoondoka, Bibi anatazama mji unavyokuja, na mimi katikati.

"Mwambie, kulia kuna shimo."

"Baba, kulia kuna shimo!"

Baba akakwepa, tukaingia kichakani, miiba ikakwaruza mlango.

"Kulia ya nani?" Baba akafoka. "Muulize, kulia ya nani?"

"Mwambie hakuna kulia mbili duniani."

Hapo nilifanya kazi yangu ya kwanza ya ufundi, na sioni haya kujisifu. Nikawaambia wote wawili, hakuna kulia wala kushoto tena. Kuna upande wa ziwa na upande wa majabali. Wakatii.

"Mbuzi, upande wa ziwa."

"Baba, mbuzi, ziwa!"

"Ng'ombe wa mtu kalala katikati. Asimame."

"Simama, Baba!"

Kila neno Baba alilisikia mwenyewe, Bibi hakuwa na sauti ndogo. Lakini hakugeuza usukani mpaka mimi nimelirudia. Mwendesha baiskeli mwenye gunia la alizeti alitufikia, akaenda sambamba nasi akitabasamu. "Mzee, Mtinko kuna nini hata unashindwa kuipa mgongo?" Watoto wachungaji walikimbia nasi wakishangilia, na Bibi, ambaye walikuwa wakitazamana naye uso kwa uso kupitia kioo, aliwatisha kwa kidole.

Ndipo nikaelewa, kwa akili yangu ya wakati ule. Gari halikuwa bovu. Lilikuwa zima tangu zamani. Lilikataa kwenda mbele leo kwa sababu Bibi alikuwa amepanda, nalo ni gari la Baba, kwa hiyo nalo ni mkwe. Lilikuwa limemfichia uso kama Baba alivyoingia ndani ya mabua. Na hapo hapo lile tukio la mabua likabadilika kichwani mwangu. Baba hakuwa mwoga. Nilinyoosha mkono nikalipapasa gari kwenye kitambaa cha zambarau, nikaliomba radhi kwa kujificha chini ya viti vyake.

Tuliingia kwetu Utemini mtaa mzima ukiwa nje. Sauti ile ya mbu ilikuwa imetutangulia. Walichoona ni makalio ya gari yanakuja, na ndani ya kioo uso wa mwanamke mzee asiyecheka na mtu. "Sukuma" haikuimbwa siku ile. Fundi Rajabu alitokea kibarazani kwake, akatutazama tukipita.

"Angalau rivasi imekaza!" akasema.

"Mwambie huyo anyamaze," Bibi akasema, na hiyo niliiwasilisha kwa furaha yangu yote.

Kwa sababu tulikuja kinyumenyume, nyuma ya gari ndiyo iliyofika mlangoni kwanza, na mlango wa Bibi ukawa karibu kabisa na kizingiti. Dirisha la chumba cha Mama lilikuwa wazi. Alikuwa ameamka kwa kelele, amejishikilia kwenye nondo za dirisha, amejitanda kanga vibaya. Alimwona mama yake amepiga goti kwenye kiti cha nyuma, kuku amepanda kichwani kwangu, Baba ameshika usukani amekaza macho upande ambao hakuna kitu. Mama akacheka. Alicheka akijishika tumbo, akisema naumia, naumia, na kuendelea kucheka, na mtoto ndani akaanza kulia kwa kushtuka.

Bibi hakucheka. Alishuka, akachukua kuku wake, na kabla hajaingia alisimama ameupa mlango wa dereva mgongo.

"Mwambie baba yako gari lake lina adabu."

"Baba, Bibi anasema..."

"Nimesikia," Baba akasema. Ilikuwa mara pekee aliyojibu bila kunisubiri.

Mchana ule Mama alimaliza bakuli la uji. Bibi alikaa mpaka arobaini ikaisha, na siku zote hizo Baba alilala na kula dukani, na mlango mmoja wa nyumba ya mjini ukawatosha. Nilipeleka ujumbe kati ya duka na nyumba mpaka kandambili zikakatika.

Gari halikwenda mbele tena. Fundi Rajabu alilifungua mara nyingine, akaongeza oili ileile nzito, akasema linahitaji muda. Baba hakuliuza. Liliwekwa nyuma ya nyumba, kuku wakataga kwenye viti vya zambarau, na mimi niliondoka kwenda kusoma nikiwa na kisasi kimoja tu, nijue ndani ya ile giaboksi kulikuwa na nini. Nilijua. Nilifaulu vizuri kuliko wavulana wote wa darasa langu.

Niliporudi Baba alikuwa amekwishatuacha. Siku ya kwanza baada ya matanga nilivaa ovaroli nikaenda nyuma ya nyumba, nikafukuza kuku, nikaketi kwenye kiti chake, ambako zamani sikuruhusiwa kukaa. Niliinua mkono kujirekebishia kioo, mazoea ya dereva yeyote. Kilikuwa bado kinatazama dari, kimeliwa na kutu kwenye shingo, kama alivyokipinda siku ile kule Mtinko. Bibi alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Baba alikuwa na muda wote wa kukirudisha.

Gari lile nitalitengeneza. Oili nyekundu ninayo, sahani ninazijua zinakopatikana, na hakuna giaboksi iliyowahi kunishinda. Litakwenda mbele mpaka Mtinko. Ila kioo cha ndani sitakigusa.